Sahani za Wakfu Chini ya Mpapai

Miaka kumi na moja, na hata kisosi kimoja hakijaingia ufa. Ndivyo alivyokuwa akisema Masoud Mbarouk, na alilisema hilo kila alipopata watu wawili wa kumsikiliza. Mmoja pia alitosha, na wapo wanaoapa kwamba siku moja walimkuta akimweleza mbuzi. Alikuwa mshika ufunguo wa ghala la vyombo vya mtaa, pale Chake Chake, chini ya ngome ya zamani. Hapakuwa na harusi wala khitma iliyopikwa mtaani bila ya yeye kuja na ufunguo wake uliofungwa uzi shingoni, akafungua lile komeo taratibu na kusimama mlangoni kifua mbele, kama askari anayegawa bunduki.

Ghala lenyewe ni chumba kimoja cha mawe. Masinia yamepangwa huku, masufuria ya pilau kule, na mabakuli ya plastiki ya watoto yamekaa juu ya gunia. Lakini fahari ya ghala ni kabati la ndani, lenye kufuli yake. Humo mna sahani thelathini na sita za kauri zenye maua ya buluu pembezoni, na bilauri kumi na mbili zenye mstari wa dhahabu mdomoni. Hizo ni za wakfu. Marehemu mama yake Bi Rahila, yule bibi wa nyumba ya jirani, ndiye aliyeziacha, kwa sharti kwamba kila bwana harusi atakayeoa mtaani, awe tajiri au hana mbele wala nyuma, yeye na wenzake walishwe kwa sahani hizo. Na Bi Rahila mwenyewe, akiwa mwanamwari, alizigeuza moja moja akazitia alama chini kwa rangi ya kucha: nukta tatu nyekundu na kimkia, zisije zikachanganyika na vyombo vya mtaa mwengine.

Wakfu huo ulikuwa na sharti la pili, jepesi hata mtu anaona haya kulivunja. Ukivunja chombo, hulipi. Unakuja na kigae chako siku ya khitma ya mwaka, unakionesha mbele za watu, unasema "nimevunja", watu wanaitikia "kheri inshallah", na kigae hicho hicho kinatiwa makaa na ubani kufukizia shughuli. Imekwisha, unakula pilau yako. Anayeficha kigae, huyo ndiye anayevuliwa ufunguo. Mzee Mbarouk, babake Masoud, alishika ufunguo huo miaka ishirini na akaonesha vigae sita bila ya kutahayari. Masoud alipoupokea alisema yeye hataonesha hata kimoja. Hakuna aliyemwambia aseme hivyo. Alijisemea tu, kisha likawa ndilo jina lake, na mtu akishakuwa na jina hulilea kama mtoto.

Sasa tuseme kweli, kwa sababu mwenyewe hasemi.

Miaka mitatu nyuma sahani za wakfu zilikwenda Wesha, kwenye harusi ya kijana wa mtaani aliyeoa huko. Desturi ni kwamba vyombo hivyo hurudi kwa mkokoteni, vimezongwa majani makavu ya mgomba, na mtu anatembea pembeni polepole kama anayesindikiza maiti. Lakini jioni ile kulikuwa na fainali kwenye televisheni na Masoud alikuwa ameshachelewa kipindi cha kwanza. Akazifunga ndani ya sanduku, akalifunga sanduku nyuma ya pikipiki yake ya honda kwa mpira, akaondoka. Penye kona alitokea ndama. Ndama akapita salama, Masoud akapita salama, honda ikapita salama. Sanduku ndilo lililokwenda njia yake.

Zikatoka salama sahani tano tu. Thelathini na moja zilikuwa unga na vigae, na bilauri zote kumi na mbili zilikuwa zimerudi kuwa mchanga. Masoud alikaa kando ya barabara akajaribu kusema "nimevunja", peke yake, kupima tu lina uzito gani. Mara moja lingeweza kusemeka. Mara arubaini na tatu hapana.

Kesho yake mchana aliingia na jembe katika kiwanja kitupu cha mwenzake wa mtaani, Yasser, nyuma ya ghala, akachimba shimo kwenye pembe ya ukuta, likamfika kiunoni. Sanduku lilikuwa limelala pembeni, limefunikwa gunia. Na hapo hapo, dirisha la juu la nyumba inayopakana likafunguka na Bi Rahila akatoa kichwa.

"Masoud, unapanda nini?"

Masoud akasema anapanda mpapai. Ndilo lililomjia mdomoni. Bi Rahila akafurahi sana, maana huyo ni bibi ambaye hata kopo la maziwa akilimaliza hulitia mchanga na mbegu. Akamwambia angoje, asitie mbegu ya sokoni, na baada ya muda akamteremshia kwa kikapu na kamba mche mzuri wa mpapai jike. Masoud, aliyekwisha kuvimwaga vigae shimoni na kuvifukia bibi alipogeuka ndani, akaupanda. Angefanya nini? Akaupanda juu ya sahani za mama yake mwenye mche, na tangu siku hiyo akawa hana budi kuumwagia maji, kwa sababu dirisha lile lilikuwa halifungwi. Kisha akamsumbua binamu yake wa Unguja mpaka akampatia sahani na bilauri za kufanana, akazitia nukta tatu na kimkia, akafunga kabati. Mpapai ukazaa kwa fujo. Mtaa mzima ulikula mapapai hayo na kumsifu kwa mkono wake mzuri.

Basi mambo yangebaki hivyo hivyo lau Yasser asingeamua kujenga duka.

Mafundi wa Yasser walianza kuchimba msingi upande wa barabarani, na hawajafika hata magotini walikuwa wanatoa vigae. Vya buluu na nyeupe, vya kijani, vyekundu vyenye michoro iliyokwaruzwa. Shingo ya chupa nene ya kioo cheusi, shanga za kioo ndogo kama mtama. Fundi mmoja akavipiga picha akavirusha kwenye simu, na kabla ya alasiri picha zilikuwa zimefika Tumbe, kaskazini ya kisiwa, na zimerudi. Asubuhi yake ikaja barua ya kusimamisha ujenzi mpaka mahali pakaguliwe, na nyuma ya barua akaja Benedicta.

Benedicta alikuwa mtaalamu wa mambo ya kale, mtu wa bara, amekaa Pemba miaka ya kutosha kuitikia salamu zote bila ya kukosea. Alikuja na mwanafunzi wake wa chuo, Adriano, kijana mrefu ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuandika vibandiko. Wakafunga turubai, wakapiga vigingi, wakavuta kamba kiwanja kizima kikawa kama daftari la hesabu, wakaanza kuchimba mraba mmoja mmoja kwa mwiko wa fundi na brashi. Mchanga wote ukapitishwa kwenye chekeche. Kila kigae kikaoshwa kwa mswaki wa meno.

Yasser alikuwa anakuja kila asubuhi anakaa juu ya tofali zake na kuangalia, halafu anamfuata Masoud ghalani kumlilia.

"Yakhe, mie n'nataka duka. Hawa wananichimbia duka kwa mswaki."

Masoud mwanzoni alicheka. Kule walikokuwa wakichimba ni barabarani, na mpapai uko pembe ya nyuma. Akawa ndiye anayewaletea watu habari, akisimama kwenye kamba na kuwaeleza wapita njia kuwa hiki kigae ni cha China na kile cha Uajemi, mambo ambayo alikuwa ameyasikia kwa Benedicta dakika tano kabla. Kicheko kilimkauka siku aliyomuuliza Adriano kazi itaishia wapi, na Adriano, bila ya kunyanyua macho kwenye vibandiko vyake, akanyoosha kalamu kuelekea kwenye mpapai. Mraba ule ndio wa mwisho, alisema. Kumi na nne.

Usiku huo Masoud hakulala vizuri, na alipoamka alikuwa na mpango. Alimwendea Benedicta, akavuta sauti chini kama mtu anayetoa siri ya ukoo, akamwambia kwa nia njema tu kwamba pale kwenye mpapai pasiguswe. Pana wenyewe, wasioonekana. Watu wazima wanajua, hawapasemi tu.

Mtu yeyote wa kawaida angesema a'udhubillahi akahama. Benedicta alitoa daftari. Akamuuliza wenyewe hao wamekuwapo tangu lini, nani alimwambia, watu huwapelekea nini, ubani au halua, na siku gani ya wiki. Masoud akajikuta anatunga na mwenzake anaandika, karatasi mbili nzima. Kesho yake alipopita, kamba zilikuwa zimebadilishwa. Mraba wa mpapai umetoka wa kumi na nne umekuwa wa sita. Pahala penye kumbukumbu ya aina hiyo, Adriano alimweleza, haifai kusubiri.

Masoud alirudi ghalani akaupiga teke mfuko wa mkaa. Alikaa siku mbili akifikiri, na katika siku mbili hizo wale watu walikwisha kumaliza mraba wa pili na kuingia wa tatu, kwa sababu alipokuwa anataka waende polepole ndipo walipopata kasi. Akarudi. Akamwambia Benedicta kwamba ameulizia, na amegundua kumbe alikosea, pale hapana mwenyewe wala mgeni. Pale palikuwa choo. Choo cha zamani, kichafu mno, hata yeye anaona haya kumtajia mwanamke.

Uso wa Benedicta uling'aa kama mtu aliyeletewa posa.

"Choo cha mawe?" aliuliza. "Bwana Masoud, unajua tumekitafuta choo tangu wiki iliyopita?"

Halafu akamkalisha chini ya turubai, akammiminia chai, akamweleza. Sebuleni mtu huweka anachotaka kionekane, alisema. Chooni hutupa asichotaka kionekane: bakuli lililovunjika, chupa aliyoinywa kwa siri. Ukitaka kujua watu walificha nini, chimba choo chao. Masoud aliimaliza chai ile, akashukuru, akatoka. Mraba wa mpapai ulikuwa wa sita asubuhi. Jioni ulikuwa ndio unaofuata.

Yasser akampata njiani anarudi.

"Nasikia ni weye unayewaongezea kazi. Mara mzimu, mara choo. Kwani mie nimekukosea nini?"

Masoud akamwambia aende zake, na Yasser akaenda zake, akimwambia kila aliyemkuta kwamba Masoud wa ghala amepatwa na kitu.

Ngao ya mwisho ilikuwa mpapai wenyewe. Masoud aliwaambia wale wataalamu kwamba hauna ruhusa ya kukatwa, ni wa Bi Rahila, yeye ndiye aliyetoa mche, na bibi huyo anaipenda miti yake kuliko wajukuu. Ilikuwa hoja nzuri, pengine pekee ya kweli aliyokuwa nayo. Benedicta akapanda juu kwa Bi Rahila na kanga mkononi, akaamkia, akaomba radhi, akaomba ruhusa. Akashuka na papai lililomenywa ndani ya sahani. Bi Rahila alikuwa amesema wakate, mwanangu, miti ninayo mingi, akatokeza dirishani ili Masoud aliyeko chini amsikie vizuri.

"Huo mpapai umelelewa," alisema. "Sijapata kuona mtu anaumwagilia mpapai mpaka siku ya mvua."

Alhamisi jioni mpapai ukakatwa, kisiki kikang'olewa, na mraba ukasafishwa tayari kwa Jumamosi. Hivyo ndivyo alivyohesabu Masoud. Alhamisi wamekata, Jumamosi watachimba, na katikati kuna Ijumaa. Ijumaa saa sita na nusu mji unafungwa. Maduka yanashusha milango, honda zinalala, wanaume wote wako msikitini na wanawake wako jikoni. Hajapata kuiona Ijumaa ya namna nyengine tangu azaliwe. Angekuwa na dakika arubaini, jembe, na magunia mawili.

Basi Ijumaa akakoga, akavaa kanzu nyeupe na kofia kama anayekwenda kusali, akatoka na watu, akawaacha penye kona kwa kisingizio cha tumbo. Akazunguka nyuma ya ghala. Akaikunja kanzu kiunoni, akatupa jembe upande wa pili, akaruka ukuta.

Benedicta alikuwa amekaa chini ya turubai anakula mkate wa kumimina. Adriano yuko pembeni na vibandiko vyake.

Hapo ndipo Masoud alipokumbuka kwamba hawa ni watu wa kanisa, na siku yao ni Jumapili. Kwao Ijumaa ni siku tu iliyokaa kati ya Alhamisi na Jumamosi. Wiki mbili nzima alikuwa akikutana nao, akawajua hata majina ya baba zao, na jambo hilo halikupata kumpitia kichwani.

Wakatazamana. Masoud ana jembe, magunia, na kanzu imekunjwa juu ya magoti. Alijiandaa kwa swali lolote, na halikuja hata moja. Benedicta alifurahi. Alisema tangu mwanzo alijua Bwana Masoud ana moyo wa kazi hii, na kuacha mapumziko yake ya Ijumaa kuja kusaidia ni jambo atakaloliandika kwenye ripoti. Akampokonya jembe kwa upole, kama mama anayemtoa mtoto kisu mkononi, akamtia mkononi mwiko na brashi, akamwonesha pa kupiga magoti.

Ndivyo Masoud Mbarouk alivyozifukua sahani zake mwenyewe.

Alikwaruza polepole iwezekanavyo. Benedicta akamsifu, akasema ana mkono mzuri, wengi huwa na pupa. Kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kinasikika mpaka pale, na khatibu siku hiyo, kwa sababu zake mwenyewe, alikuwa amechagua kuzungumzia amana. Mwiko ukagonga. Ua la buluu likatoka mchangani limeng'ara kama limeoshwa jana. Halafu la pili, halafu kitako kizima cha sahani kimelala kifudifudi, na katikati yake nukta tatu nyekundu na kimkia. Rangi ya kucha ile ingekaa huko mpaka Kiyama.

Benedicta alipogeuka kunywa chai, Masoud akakitia kitako kile mfukoni mwa kanzu. Kikatokea chengine, akakitia. Alipofika cha saba mfuko ulikuwa unaning'inia kama kiwele cha ng'ombe na vitako vilikuwa bado vinakuja, kwa sababu sahani thelathini na moja zina vitako thelathini na moja, hesabu ambayo katika shida yake yote hakuwahi kuipiga.

"Kaka," alisema Adriano, "mfuko wako unatoboka."

Masoud akasema alikuwa anaviweka tu visipotee. Akavitoa kimoja kimoja, na Adriano akakiandikia kila kimoja kibandiko.

Benedicta hakuhitaji muda mrefu kuvijua. Alikigeuza kimoja juani akasema hizi si za kale, ni kauri ya dukani, hazijafika hata miaka mia. Masoud akapumua. Akasema basi ni takataka, azitupe yeye mwenyewe, magunia anayo hapa. Akaanza hata kulikunjua moja. Lakini Benedicta alikuwa amechuchumaa na kulitazama shimo, na alikuwa na ile sura ambayo Masoud alishaichoka kuliko sura zote duniani.

Takataka hazikai hivi, alisema. Takataka humwagwa. Hizi zimezikwa pamoja, siku moja, katika shimo lililochimbwa kwa makusudi, na zote zina alama ya mkono wa mtu mmoja. Mtu aliyezika sahani thelathini ana sababu. Akamgeukia Masoud, kalamu tayari, akamuuliza kama kuna mila ya hapa ya kuzika vyombo.

Angeweza kusema hajui. Neno dogo tu, na kweli kwa mbali. Lakini ulimi wa Masoud ulikuwa umeshazoea kazi. Akasema ndiyo, ipo. Wazee wa zamani walikuwa wakizika sahani za harusi ili kuondoa husuda kwa maharusi. Ilikuwa mila kubwa sana, akasema, kila nyumba. Na ile alama nyekundu? Ile ni ya kinga. Benedicta aliandika mpaka adhana ya alasiri, na mwisho akamwomba amtajie jina lake kamili, kwa sababu habari ya namna hii lazima iwe na mwenyewe.

Jumanne ilikuwa siku ya kuwaonesha watu wa mtaa vilivyopatikana. Benedicta ndivyo anavyofanya kila anapochimba: kabla ya vitu kwenda ofisini huvitandaza, akawaita wazee watazame na waseme wanachokijua. Alihitaji mahali pa kuvipanga na akaomba masinia ya ghalani, na Masoud, ufunguo shingoni, akalifungua komeo lake akayatoa masinia kumi na mawili ili yapangiwe vigae vyake mwenyewe. Watu wakamsikia akiguna.

Wakaja watu wengi. Yasser alikaa mbele kabisa, kwa sababu ameahidiwa kwamba leo ndio mwisho. Bi Rahila aliletewa kiti cha mikono. Benedicta akaanza na vya zamani: vigae vya buluu na nyeupe vilivyovuka bahari kabla ya ngome kujengwa, chupa nyeusi, zile shanga za kioo. Watu wakashika, wakapitishiana, wakasema mashaallah. Bibi mmoja akakumbuka kwamba nyanya yake alikuwa na bakuli kama lile ukutani. Masoud alikuwa amejitenga karibu na mlango wa ghala, anajifanya anahesabu sufuria.

Halafu Benedicta akafika kwenye sinia la mwisho na kufungua daftari. Hivi ni vya karibuni, alisema, lakini yeye ndivyo vinavyompa hamu zaidi, na anamshukuru sana Bwana Masoud Mbarouk kwa kumfungulia mlango. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mila ya wazee wa Chake Chake ya kuzika sahani za harusi kuondoa husuda. Kila nyumba. Alama nyekundu kwa kinga.

Wazee wakatazamana. Walikuwapo pale watu wa miaka themanini, wamezaliwa mtaa huo huo, na kila mmoja alimwangalia mwenzake kuona kama mila hiyo ilimpita yeye peke yake. Yasser akageuza shingo polepole mpaka macho yake yakamfika Masoud.

"Nipe hicho, mwanangu," Bi Rahila alimwambia Adriano.

Adriano akampa kitako cha sahani na kibandiko chake. Bi Rahila hakutazama maua. Alikigeuza, akapitisha kidole gumba juu ya zile nukta tatu, akakaa nacho mapajani. Benedicta akasogea na kalamu, akamuuliza kwa adabu kama anaijua alama hiyo.

"Naijua," alisema Bi Rahila. "Nimeitia mimi. Na hizi zilizomo kabatini kimkia chao kimegeukia upande mwengine. Nimezikosha harusi ngapi, nikasema labda macho yangu."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomuuma Masoud zaidi. Alisogea hatua moja mbele, akafungua mdomo, na hata wakati huo, wallahi, lile neno moja lilikuwa bado linamngoja pale pale lilipokuwa kando ya barabara ya Wesha. Nimevunja. Wangeitikia. Ubani ungefukizwa. Yeye akasema labda, Bi mkubwa, labda wezi waliingia, au huenda kuna mtu mwengine aliyezika bila ya yeye kujua, maana kiwanja hiki kilikuwa wazi kwa kila mtu.

Bi Rahila alimwachia amalize. Kisha akamwambia asogee, na alipofika karibu akanyoosha mkono, kiganja juu, sawasawa na ufunguo uliokuwa ukining'inia kifuani pake.

"Mwaka ule nilikuona kwa macho yangu una jembe na shimo la kiunoni. Nikakuuliza unapanda nini, ukasema mpapai. Nikakupa mche, nikanyamaza, nikasema atakuja mwenyewe kusema." Alikuwa anasema bila ya kupandisha sauti, na kwa hivyo kila mtu alisikia. "Ijumaa nilikuwa dirishani tena. Khatibu yuko juu ya mimbari, wewe umo ndani ya shimo lile lile, umekunja kanzu. Haya niambie mbele za watu hawa, Masoud. Ijumaa ulikuwa unapanda nini?"